Jinsi ya kumjadili kocha, mikataba na tajiri wa timu yako bila kubebwa na upepo

Timu ikipoteza mechi mbili tu, mji mzima unajua dawa, kocha aondoke. Panda mwendokasi Kariakoo ushuke Kimara habari ni hiyo hiyo, fungua redio asubuhi hiyo hiyo, ikifika jioni viongozi nao wameshasikia, wanatoa posti ya kumshukuru kocha na kumtakia kila la heri. Mimi ni shabiki wa Simba, haya mambo nimeyaona mpaka yananiuma kwelikweli, ndo maana naandika hapa. Nataka mwanasimba mwenzangu, na mtani wa Jangwani, yaani Yanga, pia kama atapita, awe na namna ya kuangalia mambo kabla hajaanza kudai fulani afukuzwe. Kinachotakiwa ni simu yako na uvumilivu kidogo.

Tuanze na kocha maana huyo ndo wa kwanza kurushiwa mawe.

Fungua noti kwenye simu uandike vitu vinne. Tarehe kocha aliyotua, tarehe kambi ya maandalizi ilipoanza, majina ya wachezaji waliosajiliwa kabla yeye hajafika, na majina ya waliosajiliwa baada ya kufika. Basi. Hizo orodha mbili za mwisho ndo kila kitu, kwa sababu hapa kwetu mara nyingi wachezaji wanatambulishwa usiku wa manane, jezi wanavaa, picha wanapigwa, afu kocha ndo anashuka pale Airport na begi lake anakuta chakula kimeshapikwa yeye kazi yake kupakua. Huyo akifungwa mwezi wa kumi unamlaumu peke yake kweli? Muulize na aliyepika.

Sasa angalia Simba yetu. Novemba 2019 tulimwacha Patrick Aussems, kocha aliyetupeleka robo fainali ya Ligi ya Mabingwa msimu wa 2018/19, kisa kikubwa tulitolewa mapema na UD Songo ya Msumbiji msimu uliofuata. Akaja Sven Vandenbroeck, akachukua ubingwa, Januari 2021 akatuingiza makundi ya Ligi ya Mabingwa afu akaondoka zake Morocco. Akaja Didier Gomes, tukampiga Al Ahly moja bila Kwa Mkapa, lile goli la Miquissone mpaka leo nikilikumbuka moyo unaenda mbio, Oktoba mwaka huo huo Jwaneng Galaxy wakatutoa nyumbani kwetu na Gomes akaondoka. Pablo Franco akaondoka Mei 2022. Zoran Maki hata hatukumzoea. Robertinho akaondolewa Novemba 2023 baada ya kupigwa zile goli tano na Yanga. Benchikha, mtu aliyetoka kuchukua Kombe la Shirikisho na USM Alger, akaondoka Aprili 2024. Katikati hapo Juma Mgunda anaitwa kushika timu, anaitwa tena. Hesabu mwenyewe kuanzia Sven mpaka Benchikha, makocha sita wa kudumu ndani ya chini ya miaka mitano, kila mmoja na mfumo wake, na wasaidizi wake, na wachezaji wake anaowapenda, anaondoka anawaacha hapo wanakuwa mzigo wa anayekuja.

Na kwenye miaka hiyo hiyo ndo ubingwa ulihama Msimbazi kwetu Simba, tulikuwa nao minne mfululizo mpaka 2020/21 ukaenda Jangwani. Siongei kishabiki hapa. Wenzetu wa Yanga walimleta kocha Nasreddine Nabi Aprili 2021, Septemba wakatolewa mapema na Rivers United ya Nigeria, kufungwa nje ndani, kelele zikapigwa sana na sisi tukasaidia kupiga, lakini hawakumgusa. Msimu huo wakabeba ubingwa bila kufungwa mechi hata moja ya ligi, msimu uliofuata wakabeba tena na wakafika fainali ya Shirikisho, wakalikosa kombe kwa sheria ya goli la ugenini. Nani kati yetu Septemba 2021 angesema huyu mwarabu aachwe afanye kazi?

Ila hapa uwe makini usije ukageuza hii kuwa sheria kwamba kocha akikaa muda mrefu ndo timu inabeba. Msimu wa 2024/25 Yanga walianza na Gamondi, wakamtoa Novemba baada ya kufungwa na Azam na Tabora United, akaja Ramović, Februari akaondoka kwenda Algeria, akaja Miloud Hamdi, na ubingwa wakachukua. Makocha watatu msimu mmoja na kombe juu. Kwanini? Kwa sababu kikosi kilikuwa kimejengwa miaka na miaka, Diarra golini, Bacca na Job pale nyuma, Aziz Ki na Pacome mbele, hao walikuwa wanajuana hata usiku umeme umekatika. Kwahiyo swali lako la kwanza lisiwe kocha anafaa au hafai, liwe kikosi hiki kinajengwa na nani na huyo mtu yupo au naye anabadilishwa kila mwaka. Ukiona kocha anabadilishwa na anayesajili naye anabadilishwa hapo jiandae kuumia.

Kitu kingine cha haraka, kocha mpya akitajwa ulizia leseni yake. Mashindano ya CAF, shirikisho la soka Afrika, yanataka kocha mkuu awe na leseni A ya CAF au inayolingana nayo, sasa unaleta mtu ana wasifu mzuri afu mechi ya kimataifa hawezi kusimama pale mbele kama kocha mkuu, hiyo ni aibu ya ofisi sio ya kocha.

Tuje kwenye mikataba, hapa ndo mashabiki wengi tunapigwa chenga.

Mchezaji akitambulishwa wanasema amesaini miaka miwili, sisi tunashangilia. Usiishie hapo. Andika mwezi na mwaka ambao mkataba unaisha, kwenye noti ile ile, kisha rudi nyuma miezi sita uweke alama. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kuongea na kusaini na klabu nyingine mkataba wake ukibakiza miezi sita au chini, na wewe mwenye timu huna cha kumfanya. Kwahiyo mkataba wa kuisha Juni, ikifika Januari hajaongezewa, hilo ndo swali la kuwauliza viongozi, uliza Januari hiyo. Ukiuliza Julai ameshavaa jezi ya mtani umechelewa.

Mfano upo wa kutosha. Luis Miquissone 2021 aliuzwa Al Ahly akiwa na mkataba, hela ikaingia. Clatous Chama naye mwaka huo huo tulimuuza RS Berkane, hela ikaingia, akarudi, ila 2024 mkataba ukaisha na Julai akatambulishwa Yanga bure kabisa. Mchezaji yule yule, mara ya kwanza klabu imepata pesa, mara ya pili klabu imepata kilio. Mayele alipoenda Pyramids 2023 Yanga walilipwa, Aziz Ki alipoenda Wydad 2025 walilipwa. Ukiwa unasoma habari za usajili angalia kwanza kama timu yako inauza au inaachia, maana klabu inayoachia bure kila dirisha inabidi kila mwaka imwombe tajiri hela upya.

Afu ishu ya Feisal Salum, kiungo wa Yanga wakati huo, nayo tuielewe vizuri maana iliongelewa kwa jazba sana. Desemba 2022 Fei aliweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga akasema amevunja mkataba, yeye na watu wake wanaona mkataba unaruhusu, klabu ikasema hapana. Kamati ya TFF, shirikisho la soka Tanzania, ya Katiba, Sheria na Hadhi za Wachezaji ikaamua bado ni mchezaji wa Yanga. Akakaa nje miezi, mpaka Rais Samia akawaomba Yanga walimalize, Juni 2023 akaenda Azam. Kipindi kile kila mtu alikuwa anaongelea tamaa ya mchezaji au roho mbaya ya klabu, wachache waliuliza kile kipengele cha kuvunja mkataba kimeandikwaje. Kwa Bernard Morrison wa Yanga 2020 ilikuwa hivyo hivyo, Yanga wanasema ameongeza miaka miwili, yeye anasema hajaongeza, kamati ikampa ushindi akaja kwetu, Yanga wakaenda mpaka CAS, mahakama ya michezo ya kimataifa, nako wakashindwa. Ni karatasi tu ile. Kwahiyo ukisikia mgogoro usikimbilie kuchagua upande kwa rangi ya jezi, subiri ujue nani alisaini nini na lini.

Na jua haki za mchezaji pia, maana ni kijana wa watu anafanya kazi. FIFA inasema asipolipwa mishahara miwili anaweza kuiandikia klabu kuidai, akiipa siku 15 ilipe, isipolipa anavunja mkataba na anakuwa na sababu ya haki. Ukiona mchezaji kagoma mazoezi, kabla hujamwita msaliti uliza mshahara wa mwisho aliupata lini. Nakaa mtaani na watu wanaofanya kazi bandarini, mmoja wao asipolipwa miezi miwili hakuna anayemwita msaliti.

Kocha naye ni hivyo hivyo na hapa ndo tunaumia bila kujua. Umempa mkataba wa miaka miwili, umemfukuza baada ya miezi mitano, ile miezi iliyobaki haijafa, ni deni. Mnakubaliana mnamlipa au anaenda FIFA, na klabu ikishindwa kulipa ndani ya muda iliopewa inafungiwa kusajili mpaka ilipe, kifungo kinaweza kufika madirisha matatu. Kwahiyo kila ukiimba kocha aondoke ujue kuna hundi inaandikwa, na hela hiyo ingeweza kuwa beki wa kushoto. Simaanishi kocha asifukuzwe kamwe, wapo wanaostahili, ila dai na bei yake uijue.

Sasa wenye timu.

Hapa Dar kuna mifumo tofauti na lawama zako lazima zifuate mfumo. Azam FC ni ya Bakhresa, ni mali ya mtu, uwanja wao Chamazi, wanalipa kwa wakati, lakini wewe shabiki wa Azam huna kura, ukikasirika unaweza kuacha kwenda uwanjani na hapo ndo mwisho wako. Simba na Yanga ni za wanachama tangu zinaanzishwa, Yanga 1935 na sisi 1936, na utaratibu wa nchi unasema klabu ya wanachama ikiingiza uwekezaji wanachama wanabaki na asilimia 51 na uwekezaji hauzidi 49. Mo Dewji alishinda zabuni ya kuwekeza Simba mwishoni mwa 2017 kwa shilingi bilioni 20. Kwa watani, kampuni ya GSM imeingia kama mfadhili na mdhamini, na Hersi Said alipigiwa kura na wanachama wa Yanga kuwa rais wa klabu Julai 2022.

Kwahiyo ukitaka kujua nani amekosea, tafuta nani alikuwa na kalamu. Uamuzi wa bodi, uamuzi wa mwenyekiti aliyechaguliwa, au mtu mwenye hela amepiga simu na wengine wakaitikia ndio bosi? Hilo la tatu linaniuma kuliko yote, kwa sababu mwenye asilimia 51 anageuka mtazamaji kwenye nyumba yake. Nampenda sana Mo, ametutoa mbali, tulikaa miaka bila ubingwa kabla yake, lakini kumpenda hakutuzuii kuuliza.

Na kuuliza kuna namna yake. Lipa ada ya uanachama, jiunge na tawi la karibu na kwako, iwe Mbagala, Tegeta au Gongo la Mboto, hudhuria mkutano mkuu. Ukishika taarifa ya mapato na matumizi usiangalie jumla ya chini tu. Tafuta mstari wa malipo ya makocha walioachwa. Tafuta kiasi kilichoingia kutokana na kuuza wachezaji. Tafuta hela ya televisheni, maana mkataba wa Azam Media na TFF wa 2021 ni bilioni 225.6 kwa miaka 10 na mgao unakuja klabuni. Uliza mikataba mingapi ya wachezaji wa kikosi cha kwanza inaisha msimu ujao na mazungumzo yamefika wapi.

Maswali yako yaandike kwenye karatasi, yasiwe zaidi ya matatu, umpe mwenyekiti wa tawi kabla ya siku ya mkutano na ubaki na nakala. Ukumbini muda wa kuongea ni mdogo na kelele nyingi, anayesimama na hasira anapigiwa makofi afu anakaa, anayesimama na tarehe na tarakimu inabidi ajibiwe.