Somo: Namna ya kutafuta utafiti unaopokea wagonjwa wa mshipa wa shingo uliosinyaa

Mishipa ya karotidi ni miwili, mmoja kila upande wa shingo. Karibu na pembe ya taya kila mmoja hugawanyika: tawi la ndani hupeleka damu kwenye ubongo na jichoni, tawi la nje hulisha uso na ngozi ya kichwa. Hapo penye panda ndipo mafuta, lehemu na chokaa hujijenga ukutani mwa mshipa mwaka baada ya mwaka. Hatari kubwa haiko kwenye wembamba peke yake. Donge la damu au kipande cha utando huo kikimeguka, husafiri na damu hadi kukwama kwenye mshipa mdogo wa ubongo, na hicho ndicho kiharusi.

Wengi wanaotafuta utafiti huanza kwa kupigia simu kituo kimoja baada ya kingine, na huko kote hukataliwa kabla ya dakika tano kwisha. Sababu ni ileile: hawana majibu ya maswali manne. Mshipa umesinyaa kwa asilimia ngapi? Umepimwa kwa njia gani? Ni upande upi? Dalili ya mwisho ilikuwa lini? Ukiwa na majibu hayo mkononi utaokoa majuma mengi, kwa hiyo somo hili linaanzia kwenye karatasi za vipimo.

Kwanza jambo lisilosubiri. Mdomo ukipinda ghafla, mkono au mguu ukikosa nguvu, maneno yakikwama, au jicho moja likapofuka kwa dakika chache kama pazia limeshushwa, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama hali imeisha yenyewe. Baada ya onyo la namna hiyo, siku za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa ya kiharusi kamili, na kwa mshipa uliosinyaa sana upasuaji hufaa zaidi ukifanyika ndani ya wiki 2. Mtu aliyepata dalili juzi hapaswi kuahirisha tiba ili atafute utafiti. Kama hospitali anayotibiwa ina utafiti wa wagonjwa wa namna yake, wataalamu wa hapo watamweleza huku tiba ikiendelea.

Hatua ya 1: Kusanya vipimo, na uombe picha zenyewe

Ripoti ya altrasaundi ya shingo huandika kasi ya damu kwa sentimita kwa sekunde. Kasi ya juu ya 125 hadi 230 katika tawi la ndani kwa kawaida husomwa kuwa msinyao wa asilimia 50 hadi 69. Ikifika 230 au kuzidi, husomwa kuwa 70 au zaidi. Ni makadirio. Tafiti nyingi za upasuaji au stenti (kibomba cha wavu kinachowekwa ndani ya mshipa ili kuushikilia wazi) hudai yathibitishwe kwa picha ya mishipa ya CT au MRI, hivyo omba picha hizo kwenye diski au faili. Ripoti ya karatasi pekee haitoshi, maana watafiti huzipima upya wenyewe.

Sasa asilimia. Kuna njia mbili za kupima, na watu wengi hupotea hapa. Njia ya NASCET, iliyotokana na utafiti wa Amerika ya Kaskazini, hulinganisha sehemu nyembamba kabisa na mshipa mzima ulio juu yake. Njia ya ECST, ya Ulaya, hulinganisha sehemu hiyohiyo na upana unaokadiriwa kuwa ulikuwepo hapo kabla ya ugonjwa. Chukua mshipa wenye nafasi ya milimita 1.5, ambao juu yake una milimita 5, na penye ugonjwa unakadiriwa ulikuwa na milimita 8. Kwa NASCET huo umesinyaa kwa asilimia 70, kwa ECST ni 81. Mshipa ni uleule. Ripoti isipotaja njia, rudi kwa aliyeisoma picha umuulize. Tofauti hiyo yatosha kukuingiza kwenye utafiti au kukutoa.

Pamoja na picha weka kreatinini ya karibuni (kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, ambayo yapaswa kujulikana kabla ya dawa ya rangi ya CT), kipimo cha umeme wa moyo, kiwango cha lehemu, na orodha ya dawa zote pamoja na miligramu na nyakati za kuzinywa.

Hatua ya 2: Jua uko kundi gani

Tafiti za karotidi hugawa watu makundi mawili: wenye dalili na wasio na dalili. Dalili hapa ina maana finyu. Ni lazima itokane na upande wa mshipa unaohusika. Karotidi ya kushoto hulisha nusu ya kushoto ya ubongo, kwa hiyo udhaifu hutokea mkono au mguu wa kulia, na kwa wengi usemi huguswa pia. Upofu wa muda, kinyume chake, hutokea kwenye jicho la upande uleule wa mshipa. Kizunguzungu peke yake, kuzimia, au mvumo masikioni kwa kawaida havihesabiwi.

Muda nao una mpaka. Katika tafiti kubwa mpaka uliozoeleka ni siku 180. Aliyepata kiharusi kidogo miaka 3 iliyopita huweza kuandikishwa kama asiye na dalili. Andika tarehe. Neno "zamani kidogo" halimsaidii anayekusajili.

Hatua ya 3: Elewa swali ambalo utafiti unauliza

Kwa wenye dalili na msinyao wa asilimia 70 hadi 99, jibu la msingi lilipatikana mwaka 1991. Katika utafiti wa NASCET, ndani ya miaka 2, asilimia 26 ya waliotumia dawa tu walipata kiharusi cha upande ule, dhidi ya 9 ya waliosafishwa mshipa kwa upasuaji. Ndiyo maana ni vigumu leo kukuta utafiti unaogawa watu wa kundi hilo kwa kura, yaani kwa bahati nasibu, ili wengine wanyimwe tiba ya kuufungua mshipa.

Kwa wasio na dalili mambo yamekuwa na mvutano mrefu. Utafiti wa ACAS, mwaka 1995, ulikadiria hatari ya kiharusi ya miaka 5 kuwa asilimia 11 kwa dawa na 5.1 kwa upasuaji. Lakini dawa za wakati ule si za leo. Statini, yaani dawa za kushusha lehemu, zimeenea, shinikizo la damu linadhibitiwa vizuri zaidi, na hatari imeshuka kwa pande zote. CREST-2, iliyotoa matokeo mwaka 2025 kwa watu wasio na dalili wenye msinyao wa asilimia 70 au zaidi, ilikuwa tafiti mbili sambamba. Kwa stenti, matukio ya miaka 4 (kiharusi au kifo siku za mwanzo, kisha kiharusi cha upande ule) yalikuwa asilimia 2.8, dhidi ya 6.0 kwa dawa kali pekee. Kwa upasuaji yalikuwa 3.7 dhidi ya 5.3, tofauti ambayo haikutosha kitakwimu. Tazama udogo wa namba hizo: hata kwa dawa pekee, zaidi ya watu 9 kati ya 10 walimaliza miaka 4 bila matukio hayo. Mtu akikuambia shingo yako ni bomu litakalolipuka kesho, mwonyeshe namba hizi.

Kwa hiyo utakutana na tafiti za aina kadhaa: dawa mpya za lehemu au za kutuliza uvimbe wa mishipa, stenti za muundo mpya, njia ya kuweka stenti kupitia mkato mdogo shingoni huku damu ikigeuzwa mkondo ili vipande visipande kichwani, na tafiti za kufuatilia tu zinazopiga picha kila baada ya miezi kadhaa. Hizo za mwisho hazibadilishi tiba yako. Kwa mgonjwa mzee asiyetaka kuguswa shingoni, mara nyingi ndizo zinazomfaa.

Hatua ya 4: Tafuta kwenye rejista rasmi

Rejista kubwa ni ClinicalTrials.gov ya Marekani. Ziko pia ISRCTN, rejista ya Afrika iitwayo PACTR, na lango la Shirika la Afya Duniani linalokusanya rejista nyingi pamoja. Andika kwa Kiingereza "carotid stenosis", kisha rudia na "carotid atherosclerosis", maana watafiti hawatumii jina moja. Chuja hali ya utafiti ibaki "Recruiting", yaani unaopokea watu sasa. Angalia tarehe ya mwisho ya kusahihishwa: ukurasa usioguswa kwa zaidi ya mwaka mmoja mara nyingi ni wa utafiti uliokwama. Nakili namba ya usajili. Ya Marekani huanza na NCT na kufuatwa na tarakimu 8.

Kuorodheshwa huko hakumaanishi kwamba serikali imeukagua utafiti na kuukubali. Rejista ni daftari la matangazo tu.

Hatua ya 5: Soma vizuizi kabla ya masharti ya kuingia

Masharti ya kuingia huvutia, vizuizi ndivyo hukata watu. Vinavyojirudia zaidi ni mshipa ulioziba kabisa, stenti au upasuaji wa awali upande uleule, mionzi ya saratani shingoni, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio yanayodai dawa za kuzuia damu kuganda, figo dhaifu, mzio wa dawa ya rangi, kutoweza kunywa aspirini na klopidogreli (dawa za kuzuia chembe za damu kushikamana) kwa pamoja, na ulemavu mkubwa uliobaki baada ya kiharusi. Kizuizi kimoja kikikugusa, usikifiche. Watakigundua kwenye uchunguzi, au wasikigundue, na hapo hatari ni yako.

Hatua ya 6: Piga simu

Omba kuzungumza na mratibu wa utafiti, utaje namba ya usajili, kisha useme kwa sentensi moja. Kwa mfano: "Nina miaka 67, karotidi ya kulia imesinyaa kwa asilimia 75 kwa NASCET kwenye CT ya mwezi uliopita, sijawahi kupata dalili, nakunywa aspirini na statini." Mratibu atajua mara moja kama aendelee. Usiache dawa yoyote ili ufae kwenye utafiti. Kuacha aspirini au statini ghafla ukiwa na ugonjwa huu ni kujiweka karibu na kiharusi. Ikibidi dawa ibadilishwe, daktari anayekutibu ndiye wa kuibadilisha.

Hatua ya 7: Fomu ya ridhaa

Ipeleke nyumbani. Utafiti wa kweli hukupa muda wa kutosha wa kuifikiria pale ambapo hali si ya dharura. Uliza: Kura itagawaje watu, na nani atajua niko kundi gani? Timu hii imepata viharusi na vifo vingapi ndani ya siku 30 baada ya upasuaji au stenti? Kwa asiye na dalili, kipimo cha kawaida ni chini ya asilimia 3. Nani atalipia vipimo vya ziada, nauli, na matibabu nikiumizwa na utafiti wenyewe? Nitafuatiliwa kwa miaka mingapi? Na kamati ipi ya maadili imeidhinisha? Jina na simu ya kamati hiyo huwa ndani ya fomu. Unaweza kujitoa wakati wowote bila kupoteza matibabu yako ya kawaida.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo. Mama ana miaka 78, msinyao asilimia 60, hana dalili. Daktari amempa dawa tu. Je, ametelekezwa?

Jibu: Marahaba. Hapana, hajatelekezwa. Kwa umri huo na asilimia hiyo dawa ni tiba kamili, mradi zinafikia lengo. CREST-2 ililenga shinikizo la juu lishuke chini ya 130 na lehemu mbaya chini ya 1.8 mmol/L (70 mg/dL), pamoja na kuacha sigara. Ulizeni namba zake ni ngapi leo. Dawa isiyofikia lengo ndiyo yenye kutia shaka. Mkitaka utafiti, tafuteni wa kufuatilia au wa dawa.

Swali: Nikiangukia kundi la dawa tu, halafu mshipa ukazidi kuziba?

Jibu: Hilo huandikwa kwenye mpango wa utafiti tangu mwanzo. Ukipata dalili, au msinyao ukiongezeka kufikia kiwango walichokiweka, unaruhusiwa kufunguliwa mshipa. Omba uonyeshwe kifungu hicho kabla ya kutia saini.

Swali: Karotidi ya kushoto imeziba asilimia 100. Kwa nini kila utafiti unanikataa? Si ndiyo mbaya zaidi?

Jibu: Damu isipopita kabisa, vipande havina mkondo wa kuvipeleka juu kama awali, na kwa kawaida mshipa wa namna hiyo haufunguliwi. Ubongo hupata damu kupitia karotidi ya upande wa pili na mishipa ya nyuma ya shingo. Kwa hiyo kazi yako ni kuilinda karotidi ya kulia: ipimwe, na utafute utafiti kwa hali ya huo wa kulia. Hakikisheni pia kwa CT kwamba kweli umeziba, maana altrasaundi huweza kuukosa uwazi mwembamba kama uzi.

Swali: Nimepigiwa simu kuhusu "utafiti" wa sindano ya seli shina ya kuyeyusha mafuta ya shingoni. Wanataka nilipe kwanza.

Jibu: Usilipe. Hakuna sindano ya seli shina iliyothibitishwa kusafisha karotidi. Waombe namba ya usajili, jina la kamati ya maadili na fomu ya ridhaa, kisha piga simu kwa kamati hiyo moja kwa moja.

Swali: Naweza kuwa kwenye tafiti mbili?

Jibu: Mbili za tiba, kwa kawaida hapana, kwa sababu haitajulikana kipi kimeleta nini. Wa tiba na wa kufuatilia tu, mara nyingine inawezekana waratibu wote wawili wakikubali. Waambie kabla ya kuanza.

Swali: Nipo kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa ajili ya moyo. Nisimame wiki moja nipite uchunguzi?

Jibu: Hapana kabisa. Moyo huo nao hutupa madonge ya damu kwenye ubongo, na wiki moja yatosha. Chuja rejista upya ukitafuta tafiti za picha au za kufuatilia. Nyingi kati ya hizo hazizuii warfarini.