Jinsi ya Kuchora Vibaraka Nusu Mnyama Wanaoboronga Kila Kazi

Mwongozo huu ni wa kijitabu cha katuni cha kurasa nane kinachotoka kwenye karatasi moja tu ya A4. Ndani yake mna mhalifu mmoja na vibaraka wake wawili, watu waliogeuka nusu mnyama, ambao hakuna kazi wanayotumwa wakarudi nayo salama. Tafuta penseli ya HB, rula, raba, kalamu ya wino mweusi, maka peni moja nene na mkasi.

Anza na wanyama, na uchague wale ambao msomaji wako amewaona kwa macho. Katuni ya Teenage Mutant Ninja Turtles, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1987, ina Bebop ambaye ni ngiri na Rocksteady ambaye ni kifaru, wote wakimtumikia mhalifu Shredder. Mtoto wa Nakuru anaweza kuwaona ngiri na kifaru asubuhi moja katika mbuga ya Ziwa Nakuru, lakini ukiwachora hao wawili pamoja kila mtu atajua ulikowatoa. La kuchukua kwao ni mavazi. Bebop hubaki na miwani yake ya jua na Rocksteady na kofia yake ya chuma ya kijeshi, vitu vya kibinadamu. Mwachie kila kibaraka wako kitu kimoja cha ubinadamu wake, kimoja tu, na usikisahau kwenye fremu yoyote.

Kwa Kisumu, kiboko na kongoti wanafaa sana. Kiboko yuko ziwani pale Dunga, na kongoti, yule ndege mrefu mwenye kipara na mfuko unaoning'inia shingoni, husimama penye taka kama mlinzi aliyechoka. Tumwite kiboko Debe, avae fulana iliyombana. Kongoti awe Njiti, na tai shingoni.

Sasa maumbile yao, maana hapa ndipo wengi huharibu. Kosa la kawaida kwa kiboko ni kumwekea macho katikati ya uso kama ng'ombe. Macho, masikio na matundu ya pua ya kiboko yako juu kabisa ya kichwa, karibu kwenye mstari mmoja, ili vitokeze huku mwili wote ukiwa ndani ya maji. Chora yai kubwa lililolala, weka vitu hivyo vitatu kwenye ukingo wa juu, halafu mdomo mpana chini yake. Anapoufungua, ufungue kwelikweli, kama sanduku lililoachwa wazi, na uonyeshe meno mawili makubwa ya chini. Miguu yake ina vidole vinne kila mmoja. (Kifaru ana vitatu, usichanganye.) Urefu wote wa Debe uwe vichwa viwili na nusu vyake mwenyewe.

Njiti ni kinyume chake: mwembamba, mrefu mara moja na nusu ya Debe. Lile linaloonekana kama goti lililopinda kwenda nyuma ni kifundo cha mguu, na goti lenyewe limefichwa juu kwenye manyoya. Ukilijua hilo hatatembea kama mtu aliyevaa suti ya ndege. Miguu yake iache myeupe. Kongoti hujinyea miguuni ili kujipoza wakati wa joto, ndiyo maana huonekana kama imepakwa chokaa, na watoto wakiambiwa hivyo hawasahau.

Ukimaliza, wachore tena wote wawili kwenye karatasi nyingine kama vivuli, ukiwajaza maka peni kote. Bandika ukutani, rudi hatua nne. Ikiwa huwezi kujua nani ni nani, nenepesha mmoja au mrefushe mwingine mpaka ujue. Kijitabu hiki kina kurasa ndogo za milimita 74 kwa 105, na kwa ukubwa huo nyuso hazionekani vizuri, kwa hiyo umbo ndilo linalomtambulisha mhusika.

Wawe wawili, kila mara. Kibaraka mmoja peke yake akikosea hana wa kumweleza alivyofikiria, na msomaji asiposikia alivyofikiria anaona ajali tu. Usifanye mmoja mjanja na mwingine zuzu. Wote wawili ni mazuzu, ila kila mtu na uzuzu wake: Debe huanza kazi kabla agizo halijaisha, Njiti hulishika kila neno kama lilivyotamkwa. Mmoja anatoa wazo bovu, mwenzake analisifu na kuliongezea. "Omera (yaani ndugu, kwa Kijaluo), hapo umefikiria," Debe anasema, na mambo yanazidi kuharibika. Wapendane pia. Wakianza kulaumiana na kupigana, kicheko kinakauka.

Kosa lenyewe linajengwa kwa fremu nne: agizo, jinsi walivyolielewa, bidii, hasara. Ya pili ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo hasa yenye uzito. Kibaraka haanguki ovyo kwenye ganda la ndizi. Ana sababu, na kwa akili yake ni sababu nzuri. Sababu inaweza kutoka mwilini: kidole cha Debe ni kinene, akibonyeza simu anabonyeza namba tatu kwa mpigo, kwa hiyo badala ya mkubwa wake anampigia mama wa samaki na kumsomea mpango mzima wa wizi. Inaweza pia kutoka kwenye tabia ya mnyama. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula nyasi, basi Debe akiwekwa zamu ya usiku karibu na uwanja wenye nyasi nzuri, lazima lindo liachwe tupu. Ukimtumia ngiri, kumbuka huingia shimoni kinyumenyume na hupiga magoti anapokula. Kifaru haoni vizuri mbali ila ananusa sana, kwa hiyo mpe adui aliyejipaka omena.

Lakini chanzo kitamu kuliko vyote ni Kiswahili chenyewe, kwa kuwa neno moja hubeba maana mbili tatu. Mkubwa wao, tuseme Daktari Gugu anayepika dawa zake kwa gugumaji, anawaambia hivi: "Pandeni mti nje ya ua, mwangalie ndani." Fremu inayofuata Njiti amekunja uso, anawaza. Kisha Debe anachimba shimo, Njiti anaingiza mche wa mpera, wanamwagilia maji kwa kopo, wanakaa chini na kusubiri ukue ili waone ndani ya ua. Jua linatua. Wanamwagilia tena.

Mzaha huu unasimama kwa sababu ya neno moja ambalo halipo. Daktari angesema "pandeni ule mti", kungekuwa na mti tayari na kosa lisingewezekana. Ngeli nazo hufichua. "Leteni paa" inaweza kuwa paa la nyumba au paa wa porini, ila ukiandika "leteni paa lile" umeshaua mzaha kabla haujazaliwa. Andika agizo bila kivumishi, kisha lisome kwa sauti na uulize kama maana zote mbili bado zinaingia. "Kaa" inafaa, "vua" inafaa sana mashuani: Debe anavua fulana badala ya samaki. "Mbuzi" ya kukunia nazi iache Pwani. Nyumba nyingi za huku hazina kifaa hicho, na mzaha unaohitaji maelezo umeshaanguka.

Kuna njia moja ya kuchekesha ambayo hatuipendekezi hata kidogo, nayo ni kumpa zuzu lafudhi ya kabila la jirani, au kigugumizi. Nakuru na Kisumu darasa moja lina watoto wa lugha nyingi. Mtoto atakayesikia mdomo wa nyanya yake ukitoka kwa kibaraka hatacheka, na wenzake watapata la kumtania mwaka mzima.

Kurasa zigawe hivi. Ya 1 ni jalada. Ya 2 ni agizo pamoja na fremu moja tu ya jinsi walivyogeuka wanyama: dumu la dawa limemwagika, nao wamesimama mmoja kando ya kiboko, mwingine kando ya kongoti. Usizidishe hapo. Ya 3 wanalielewa agizo vibaya. Ya 4 na 5 zinatazamana, kwa hiyo zifanye picha moja pana ya kupanda mti. Ya 6 na 7 wenye ua wanawaona, wanawashukuru kwa mche na kuwapikia chai, na Daktari anafika kuwakuta wameshika vikombe. Ya 8 ni picha moja: Njiti kasimama juu ya kopo lililopinduliwa, anachungulia ndani ya ua, huku mche ukimfika kwenye kifundo.

Laza A4 kwa upana, ikunje iwe visanduku vinane, vinne juu na vinne chini. Safu ya juu, kutoka kushoto, ni kurasa 5, 4, 3, 2, zote zikichorwa kichwa chini. Safu ya chini ni 6, 7, 8, 1, zikiwa wima. Kata mstari wa katikati kwenye visanduku vinne vya kati tu, yaani kati ya 4 na 7 na kati ya 3 na 8. Ukikata hadi ukingoni, kijitabu kinaachana. Kisha ikunje kwa urefu, michoro ikiwa nje, na usukume ncha mbili zikaribiane mpaka kurasa zijipange kama kitabu. Weka fremu mbili au tatu kwa ukurasa, na acha milimita 7 pembeni kwa sababu mashine ya fotokopi haifiki ukingoni. Andika maneno kwanza, kisha zungushia kiputo. Ukianza na kiputo maneno hayatoshi na utayabana. Herufi zisipungue milimita 3, na anayezungumza kwanza akae kushoto. Subiri wino ukauke dakika tano kabla ya raba, la sivyo fulana ya Debe itageuka doa.

Kabla ya kwenda saiba, yaani duka la kompyuta na fotokopi, kutoa nakala, mpe mtoto wa gredi ya nne asome mbele yako, nawe unyamaze. Akiuliza "kwa nini wamepanda mti?", rudi kwenye ukurasa wa 3 na ukuze uso wa Njiti anapowaza. Kisha toa nakala moja kwanza, ikunje, ikate, ipekue kurasa zote nane. Ukurasa uliochorwa upande usiofaa huonekana hapo tu.