Ovataimu Yako ni Shilingi Ngapi? Hesabu ya Saa za Ziada, Hatua kwa Hatua

Dada mmoja anayefunga mikate kiwandani alinifuata akiwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nne kwenye pindo la kitenge. Kwao ovataimu hulipwa kila wiki, na wiki ile kikaratasi kilikuwa na mstari mmoja tu: 10,725. Akaniuliza, "Kaka, hii wameipataje?"

Nimefanya kazi ya kuandaa mishahara kwa miaka mingi, na hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kama hilo. Nitalijibu kwa kutumia wiki yake. Hesabu hii ni ya Tanzania Bara, inafuata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Zanzibar wana sheria yao.

Hatua ya 1: Anza na mshahara wa msingi

Chukua mkataba wako utafute mshahara wa msingi. Posho ya nauli, ya chakula na ya nyumba ziache pembeni, haziingii kwenye hesabu hii. Wa dada yetu ni shilingi 234,000 kwa mwezi.

Hatua ya 2: Pata thamani ya saa moja

Hapa naomba utulie, kwa sababu fedha nyingi za wafanyakazi hupotelea hapa, kabla hata ovataimu yenyewe haijaguswa.

Makarani wengi huchukua mshahara, wakagawa kwa siku 30, halafu kwa saa 8. Yaani wanagawa kwa 240. Kwa dada yetu inatoka 975 kwa saa. Lakini ndani ya hizo siku 30 kuna Jumapili nne au tano ambazo yeye yuko nyumbani. Ukigawa mshahara wake kwa saa ambazo hazimo kwenye mkataba wake, umeishusha bei ya kila saa anayoitolea jasho.

Sheria imeweka kanuni yake katika Jedwali la Kwanza. Mwezi mmoja ni wiki 4.333. Zidisha hizo kwa saa zako za kawaida kwa wiki, kisha ugawe mshahara kwa jibu utakalopata. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na 45 mara 4.333 ni 195 kasoro kidogo sana. Kwa hiyo:

234,000 ÷ 195 = 1,200

Saa yake moja ni shilingi 1,200, wala si 975. Kama mkataba wako unasema saa 40 kwa wiki, basi utagawa kwa 173.3 na saa yako itapanda bei. Kibarua anayelipwa kwa siku agawe ujira wa siku kwa saa za kawaida za siku hiyo: 9,000 kwa saa 9 ni 1,000.

Hatua ya 3: Andika saa zako mwenyewe

Usitegemee kitabu cha getini peke yake. Nunua daftari dogo, uandike siku hiyo hiyo kabla hujalala.

Dada yetu alikuwa nalo, nikamsifu. Ila Jumanne alikuwa ameandika "4–4" basi. Yeye anajua aliingia saa 4 asubuhi akatoka saa 4 usiku. Mwingine akilisoma atajuaje? Kwa saa zetu za Kiswahili, andika kila mara asubuhi, jioni au usiku. Usichanganye na saa za ukutani ofisini, leo 22:00 kesho saa 4.

Andika pia mapumziko. Ukifanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 una haki ya kupumzika dakika 60, na saa hiyo kwa kawaida hailipwi. Lakini kama umetakiwa kuendelea na kazi, au kukaa tayari kwa kazi, saa hiyo inalipwa. Mlinzi anayekula wali wake huku amekaa peke yake getini hajapumzika. Aiandike.

Hatua ya 4: Tenga saa za ziada

Wiki yake, baada ya kutoa mapumziko:

Jumatatu 8, Jumanne 11, Jumatano 8, Alhamisi 8, Ijumaa 10, Jumamosi 5. Jumla 50.

Kuna vipimo viwili: saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki. Kwa siku, alizidisha 2 Jumanne na 1 Ijumaa, jumla 3. Kwa wiki alizidisha 5. Chukua iliyo kubwa, usizijumlishe, maana utakuwa umehesabu saa zilezile mara mbili. Kwa hiyo ni saa 5.

Kwa nini kupima kote kuwili? Tuseme Jumamosi asingefika kazini. Jumla ingekuwa 45, na msimamizi angesema hakuna ovataimu. Si kweli. Zile 3 za Jumanne na Ijumaa bado anadai.

Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, si chini ya hapo: 1,200 × 1.5 = 1,800. Saa 5 ni 9,000.

Hatua ya 5: Ongeza usiku

Usiku wa kisheria ni kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Kila saa ya humo ina nyongeza ya asilimia 5, na kama ni saa ya ziada, asilimia hiyo inatolewa kwenye bei ya ovataimu. Jumanne saa zake 9 ziliisha saa 2 usiku, akaendelea mpaka saa 4. Asilimia 5 ya 1,800 ni 90, mara mbili ni 180. Ni kidogo, lakini ni yake.

Hatua ya 6: Siku ya mapumziko na sikukuu

Jumapili, siku yake ya kupumzika, aliitwa kwa saa 6. Hizi ziweke kando ya zile 50, bei yake ni mara mbili: 2,400 × 6 = 14,400. Sikukuu za kitaifa kama Mei Mosi na Saba Saba ni mara mbili vilevile.

Hatua ya 7: Jumlisha

9,000 + 180 + 14,400 = 23,580

Wao walichukua 975, wakazidisha kwa saa 11 zote, bila nusu, bila mara mbili. Pengo ni shilingi 12,855 kwa wiki moja. Kwa mama anayelipa ada na kununua unga wa kupima, hiyo si chenji.

Ovataimu ni kwa makubaliano, na ikizidi saa 50 katika wiki nne, au siku ikapita saa 12, mwajiri amevuka mpaka. Kuna pia mkataba wa maandishi wa wiki iliyobanwa, unaoruhusu siku ya saa 12 bila ovataimu, mradi siku zisizidi 5 na saa za kawaida zisizidi 45. Ukiambiwa upo kwenye mpango huo, omba uoneshwe ulipotia sahihi.

Peleka hesabu yako kwa mhasibu ikiwa safi kwenye karatasi moja, ubaki na nakala. Wengine husahihisha palepale. Ukikataliwa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), ujaze fomu CMA F.1. Madai ya aina hii yana siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, kwa hiyo kando ya kila malipo pungufu andika tarehe uliyoyapokea.