Jishambulie kwa ratiba, mbinu moja moja

Dashibodi ya usalama huonyesha kilichoonekana. Kilichopita bila kuonekana hakina mahali pake pale, na hicho ndicho kinachoninyima usingizi mimi ninayelinda mitandao kwa riziki. Kwa hiyo naigiza mvamizi kwa programu, mara kwa mara, bila kungoja wakaguzi wa nje waje na ripoti yao nene.

Ruhusa kwanza, tena ya maandishi: mashine zipi, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, na nani ana mamlaka ya kusema "simamisha". Hata ukiwa mkuu wa kitengo, iandike. Kisha tenga mashine pepe (kompyuta inayoigizwa na programu) moja ya Windows iliyosanidiwa kama zile za wafanyakazi, yenye antivirusi ileile na ajenti yuleyule, yaani programu ndogo, wa kukusanya logi (kumbukumbu za matukio ya kompyuta). Mashine tupu haitakufundisha kitu. Hifadhi hali yake kabla hujaanza ili uweze kuirudisha ilivyokuwa.

Chombo cha kuanzia ni Atomic Red Team, mkusanyiko wa bure wa majaribio madogo uliotolewa na kampuni ya Red Canary mwaka 2017. Kila jaribio lina namba ya mbinu kutoka ATT&CK, orodha ya tabia za wavamizi ambayo shirika la MITRE liliifungua kwa umma mwaka 2015. Ukipakua, antivirusi inaweza kufuta baadhi ya faili, kwa sababu zinafanana na silaha halisi. Usiizime. Iambie tu isikague folda hiyo moja, kwani ukiizima utakuwa unapima mashine isiyofanana na yoyote iliyoko kazini.

Ukishasimika moduli yake, fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, kama msimamizi. Amri ya kwanza huorodhesha majaribio, ya pili hukagua kama mahitaji yapo, ya tatu huendesha jaribio:

Invoke-AtomicTest T1053.005 -ShowDetailsBrief
Invoke-AtomicTest T1053.005 -TestNumbers 1 -CheckPrereqs
Invoke-AtomicTest T1053.005 -TestNumbers 1

T1053.005 ni kazi zilizoratibiwa za Windows. Mvamizi huzitumia ili programu yake iamke tena hata kompyuta ikizimwa na kuwashwa. Jaribio hili linaratibu kufunguliwa kwa kikokotoo, basi. Hakuna anayeumia, lakini alama zinazobaki ni zilezile ambazo mvamizi angeziacha.

Andika saa uliyobonyeza, kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), mpaka sekunde. Sasa fuata nyayo, na usikimbilie kwenye arifa. Anzia kwenye mashine yenyewe: je, tukio namba 4698, la kuundwa kwa kazi iliyoratibiwa, limeandikwa kwenye logi ya usalama? Windows hailiandiki mpaka uwashe ukaguzi wake, na timu nyingi zina kanuni ya kutoa arifa, nzuri kabisa, inayosubiri tukio ambalo halitakuja kamwe. Amri ya kuuwasha ni hii:

auditpol /set /subcategory:"Other Object Access Events" /success:enable

Likiandikwa, angalia kama limefika kwenye seva ya logi na limechelewa kiasi gani. Halafu kama kanuni imelinasa. Mwisho, kama mtu wa zamu ameisoma arifa na ameelewa afanye nini. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu huiruka, na kwangu mimi ndiyo yenye thamani kuliko zote: arifa isiyosomwa ni sawa na logi tu.

Kengele ikilia, usishangilie bado. Kanuni nyingi hutafuta jina la programu, yaani schtasks.exe inayoratibu kazi hizo. Ratibu kazi ileile kwa amri ya PowerShell iitwayo Register-ScheduledTask, kisha uone kama kengele italia tena. Ikinyamaza, ujue kanuni yako ilikuwa inafahamu chombo, haifahamu tendo. Tukio 4698 huandikwa kwa njia zote mbili, ndiyo maana kanuni iliyojengwa juu yake ni imara zaidi. Kwa sababu hiyo siziamini zile jedwali za mbinu za ulinzi zilizopakwa kijani, kumaanisha "tunaiona", kwa jaribio moja kwa kila mbinu. Zinapendeza kwenye mkutano.

Kuna hatari nyingine: watu wa zamu wakizoea, kila arifa itaitwa "ni lile jaribio", na mvamizi wa kweli atapita humo humo. Weka orodha ya majaribio yote, yenye saa na jina la mashine, mikononi mwa mtu mmoja nje ya zamu. Zamu ichukulie kila arifa kuwa ya kweli mpaka yeye athibitishe. Arifa isiyomo kwenye orodha hiyo ni tukio halisi, hata ikitokea dakika ileile ya jaribio.

Baada ya hapo ndipo uweke ratiba. Mimi hurudia seti ileile kila wiki, na pia kila tunapobadilisha kitu: toleo jipya la ajenti, seva mpya ya logi, jina la safu ya logi lililorekebishwa na mtu mwenye nia njema. Kanuni hufa kimyakimya namna hiyo.

Mbinu moja moja zikikaa sawa, hamia Caldera ya MITRE, inayounganisha hatua. Unaweka ajenti kwenye mashine ya majaribio, naye anapokea amri kutoka kwenye seva. Kilichogunduliwa katika hatua moja, mfano jina la akaunti, hutumika katika hatua inayofuata. Hapo utaona kama arifa tano ndogo zinaunganishwa kuwa kisa kimoja. Badilisha nywila za mwanzo za seva hiyo na uizuie isifikike kutoka intaneti, kwa maana ni mtambo wa kuamrisha kompyuta za watu wengine.

Ukimaliza kila jaribio, safisha:

Invoke-AtomicTest T1053.005 -TestNumbers 1 -Cleanup

Kisha fungua orodha ya kazi zilizoratibiwa uhakikishe kwa macho yako kwamba hakuna iliyobaki.