Kusoma biashara, uhasibu na sheria katika chuo cha jamii nchini Marekani

Kosa lenye gharama kubwa kuliko yote katika chuo cha jamii cha Marekani halifanyiki kwenye chumba cha mtihani bali kwenye fomu ya kujiandikisha, pale mwanafunzi anapoulizwa anataka shahada gani naye akachagua ile ambayo jina lake limempendeza. Vyuo hivi, ambavyo kikongwe miongoni mwa vile vya umma ni Joliet Junior College cha Illinois kilichoanzishwa mwaka 1901, hutoa shahada ya miaka miwili yenye krediti (vipimo vya masomo ambavyo ada hulipwa kwavyo) zipatazo 60, pamoja na vyeti vya muda mfupi zaidi. Shahada hiyo, hata hivyo, ina namna mbili zinazopishana sana. Ile inayoandikwa AA au AS imetengenezwa kwa mtu atakayehamia chuo kikuu na kuingia moja kwa moja mwaka wa tatu; ile inayoandikwa AAS imetengenezwa kwa mtu anayekwenda kazini, na sehemu kubwa ya krediti zake huenda chuo kikuu kisizipokee. Hakuna iliyo duni kati ya hizo mbili, lakini anayesoma uhasibu kwa AAS huku moyoni akitaka kufika chuo kikuu anaweza kujikuta akirudia mwaka mzima na kuulipia upya.

Kwa hiyo kozi huchaguliwa kuanzia mwisho kuja mwanzo. Tafuta kwanza chuo kikuu unachokusudia kuhamia, soma masharti ya idara yake ya biashara, kisha ndipo urudi kwenye orodha ya kozi za chuo cha jamii. California wana tovuti ya ASSIST inayoonyesha kozi ipi ya chuo cha jamii inapokelewa badala ya ipi katika vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo. Texas wana utaratibu wa namba za pamoja, ambapo ACCT 2301 ni uhasibu wa fedha na BUSI 2301 ni sheria ya biashara, iwe umesoma Houston au Dallas. Tarakimu ya kwanza huonyesha mwaka wa masomo na ya pili huonyesha idadi ya krediti. Idara za biashara mara nyingi hudai pia kozi mbili za uchumi, takwimu, na hesabu za kiwango cha kalkulasi, na hizo hesabu ndizo huwachelewesha watu wengi kwa sababu huziahirisha hadi muhula wa mwisho.

Kozi za biashara kwa ujumla wake, yaani usimamizi, masoko na utangulizi wa ujasiriamali, si ngumu kwa mtu aliyewahi kuendesha hata duka dogo, nami sitazikawilia. Uhasibu ndio unaohitaji nidhamu ya kila siku. Kozi ya kwanza humfundisha mwanafunzi kuandika muamala kwenye jarida, kuuhamishia kwenye leja, kuandaa urari na hatimaye kutoa mizania pamoja na taarifa ya mapato, na kila hatua hutegemea iliyotangulia, kiasi kwamba aliyekosa wiki ya tatu haelewi wiki ya nne. (Neno krediti lenyewe litakujia kwa sura mbili: ile unayolipia ada, na ile inayokaa upande wa kulia wa akaunti.) Aliyesoma uhasibu Kenya au Tanzania atakuta misingi ni ileile, ila kanuni zinatofautiana, kwa kuwa nchi hizo hufuata viwango vya kimataifa vya IFRS ilhali Marekani hutumia kanuni zake yenyewe, ziitwazo US GAAP. Mfano ulio wazi ni thamani ya bidhaa ghalani: Marekani inaruhusu kuhesabu kwamba bidhaa iliyoingia mwisho ndiyo iliyouzwa kwanza, jambo ambalo IFRS inalikataza.

Mwenye vyeti vya bodi za uhasibu za KASNEB (Kenya) au NBAA (Tanzania), au vya chuo chochote cha nyumbani, asianze sifuri kabla ya kufanyiwa tathmini na taasisi ambayo chuo kinaikubali, na aombe tathmini ya kila kozi badala ya ile inayotaja tu kiwango cha elimu, kwa sababu ni hiyo ya kwanza inayoweza kumpunguzia kozi. Ajue pia kwamba shahada ya miaka miwili haimfanyi kuwa CPA, yaani mhasibu mwenye leseni ya jimbo. Kwa muda mrefu majimbo yamedai krediti 150, yaani 30 zaidi ya shahada ya kwanza ya kawaida, ingawa baadhi, Ohio likiwa miongoni mwa ya mwanzo, yamepitisha sheria inayokubali shahada ya kwanza ikiambatana na uzoefu wa miaka miwili kazini. Kinachopatikana mapema ni kazi ya kutunza vitabu vya hesabu, kuandaa mishahara au kushughulikia ankara. Mahali pazuri pa kujifunzia ni mpango wa VITA, ambamo watu wa kujitolea hupewa mafunzo na kuthibitishwa na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ili kuwajazia wananchi wa kipato cha chini ritani za kodi bila malipo.

Upande wa sheria ndiko matumaini na uhalisia huachana zaidi. Chuo cha jamii hakitoi wakili. Wakili wa Marekani husoma kwanza shahada ya kwanza ya somo lolote, kisha miaka mitatu ya shule ya sheria, kisha hufanya mtihani wa jimbo lake. Chuo cha jamii hutoa mambo mawili: kozi ya sheria ya biashara kwa wanafunzi wa biashara na uhasibu, na mafunzo ya msaidizi wa sheria, ambaye hutafiti, huandaa nyaraka na hupanga majalada chini ya usimamizi wa wakili. Uliza kama mafunzo hayo yameidhinishwa na chama cha mawakili cha Marekani, ABA. Idhini hiyo si sharti la kupata kazi kila mahali, lakini waajiri huitazama.

Mtanzania aangalie hapa asidanganywe na jina, kwa kuwa nyumbani msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 huwaelimisha na kuwaelekeza wanakijiji moja kwa moja, ilhali Marekani msaidizi anayemshauri mteja bila wakili anaweza kushtakiwa. Anayezungumza Kiswahili ataombwa tu, baada ya ibada au msikitini, amjazie jirani fomu ya uhamiaji. Kumtafsiria jirani maneno yaliyoandikwa ni jambo moja, kumwambia ni fomu ipi itamfaa ni ushauri wa kisheria, na ushauri huo katika mambo ya uhamiaji hutolewa na wakili au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria kupitia shirika lisilo la faida.

Darasani kwenyewe, Mkenya na Mtanzania watakuta sheria ya mikataba ina sura wanayoifahamu, kwa kuwa nchi zao na Marekani zilirithi mapokeo ya Kiingereza ambamo maamuzi ya awali ya mahakama huzibana kesi zinazofuata. Aliyetoka Kongo au Burundi, ambako mapokeo ni ya Kibelgiji na msimbo wa sheria ndio kiini, itambidi azoee kusoma kesi kama chanzo cha sheria. Kisha wote watakutana na jambo geni: mauzo ya bidhaa hufuata Kifungu cha 2 cha msimbo wa biashara uitwao UCC, ambacho majimbo yote yamekipitisha isipokuwa Louisiana, lakini mkataba wa huduma hufuata sheria iliyojengwa na maamuzi ya mahakama.

Kuhusu fedha, mkaazi wa kudumu na mkimbizi waliotimiza masharti hujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, ambayo ni bure, na wanaweza kupata ruzuku ya Pell, iliyokuwa na kikomo cha dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2024/2025. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 hana haki hiyo. Ada yenyewe hutegemea ukaazi wako katika jimbo: mkaazi wa California hulipa dola 46 kwa krediti, na asiye mkaazi hulipa mara kadhaa ya hapo. Usiache masomo katikati bila kumwona ofisa wa misaada, kwani anayejiondoa kwenye kozi zote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita anaweza kudaiwa sehemu ya ruzuku.

Kozi ya krediti tatu hutaka takribani saa tatu za darasani na sita za nyumbani kila wiki, kwa hiyo anayefanya kazi za zamu usiku aanze na kozi mbili, ya uhasibu na ya uandishi wa Kiingereza, badala ya nne. Jibu lolote la mshauri wa masomo kuhusu kuhamisha krediti lipatikane kwa barua pepe, na muhtasari wa kila kozi uhifadhiwe tangu siku ya kwanza, kwa sababu chuo kikuu kinaweza kuuomba miaka miwili baadaye kabla ya kukubali kwamba kozi hiyo inalingana na ya kwake.