Kabla ya kunoa kijiti chenye rangi nyekundu

Fundi wa argoni, anayechomelea chuma cha pua kwa umeme akikinga moto kwa gesi hiyo, anakijua vizuri kijiti cha tungsteni, ile metali ngumu inayotoa moto wa kuchomelea, kilichopakwa rangi nyekundu mwisho mmoja. Nyekundu hiyo ni alama ya thoriamu, metali iliyochanganywa ndani yake, kwa kawaida asilimia 2 hivi. Iliwekwa kwa faida ya fundi mwenyewe: moto unashika mara moja, unatulia, na ncha inadumu. Ila thoriamu ina mionzi, nayo haiishi leo wala kesho, kwani nusu yake tu huchukua miaka bilioni 14 kuoza.

Kijiti kizima ndani ya boksi hakina la kukutia hofu. Mionzi yake iliyo mingi ni ya alfa, ambayo haipenyi hata karatasi, seuze ngozi. Balaa liko kwenye kunoa. Jiwe linapoila ncha hutoka vumbi jepesi, na likishatua mapafuni hakuna tena ngozi ya kukukinga. Kuanzia miaka ya 1930 hospitali za nchi kadhaa ziliwadunga wagonjwa Thorotrast, dawa yenye thoriamu, ili mishipa ionekane vizuri kwenye eksirei. Ilikaa kwenye ini, na miongo baadaye baadhi yao wakapata saratani.

Kwa hiyo, kabla hata ya kuwasha mashine, jiulize kama unakihitaji kweli kijiti chekundu. Vijiti vyenye lanthanamu, metali nyingine, vya rangi ya dhahabu au buluu, vinachomelea vizuri tu bila mionzi. Mimi ningenunua vya buluu nikamaliza habari. Kama vyekundu bado vipo dukani kwako, tenga jiwe la kunolea tungsteni peke yake, lenye kivuta vumbi na chujio laini. Feni si kivuta vumbi. Inampulizia tu kijana anayejifunza kazi pembeni yako. Barakoa ya kitambaa nayo haitoshi. Tafuta ya FFP3, daraja la barakoa zinazochuja vumbi laini sana, na ujue kwamba ndevu huiachia mwanya.

Andaa kitambaa kibichi cha kufutia meza na mfuko wa kukitupia, maana ufagio na upepo wa kompresa vitarudisha vumbi hewani. Chai na maandazi viwe mbali na hapo. Ovaroli isiende nyumbani kufuliwa pamoja na nguo za watoto.

Wenye karabai nao watazame boksi la kile kifuko kinachotoa mwanga, kwani vya zamani vilitengenezwa kwa thoriamu. Kipya kiwashiwe nje mara ya kwanza, na majivu yake yasipulizwe kwa mdomo.

Vipande vifupi vilivyobaki viwekwe kwenye kopo lenye kifuniko, lililoandikwa kilichomo, visichanganywe na chuma chakavu cha kuuza. Kopo likikaribia kujaa, kwa Tanzania waulize Tume ya Nguvu za Atomiki namna ya kuvikabidhi.