SOMO: Kupanga safari ya ndani ukitokea Dar, anza na mvua

Wakuu, habari za majukumu. Kila likizo ikikaribia swali ni lilelile: "Nina wiki moja, niende wapi?" Na majibu ni yaleyale: Serengeti, Zanzibar, Kilimanjaro, basi. Nchi ina makabila zaidi ya 120, ina barafu mlimani na papa potwe baharini, halafu sote tunasongamana sehemu tatu. Somo hili ni la mtu wa Dar mwenye likizo ya kawaida na mfuko wa kawaida.

Hatua ya 1: Jua mvua ya unakokwenda

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo safari nyingi zinapoharibikia. Sisi wa pwani tumezoea misimu miwili: vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Tanga, Moshi na Arusha nao ni hivyohivyo. Lakini ukielekea Iringa, Njombe, Mbeya na Songea, au Dodoma, Tabora na Kigoma, mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili. Kwa hiyo Februari, wakati wewe Sinza unalala na feni mbili, Makete, kule Njombe, magari yanasukumwa kwenye tope. Usipange safari ya Njombe kwa kuchungulia anga la Dar.

Halafu kuna sehemu ambazo mvua ndiyo msimu wenyewe. Hifadhi ya Kitulo, kati ya Njombe na Mbeya, ile wenyeji wanayoiita Bustani ya Mungu, maua yake huchanua kipindi cha mvua, kuanzia Desemba hivi. Nenda Agosti uone nyasi kavu na upepo unaokata masikio. Mafia, papa potwe huonekana vizuri Oktoba hadi Februari. Serengeti ni kubwa na nyumbu hawakai: Februari wanazaa kusini, upande wa Ndutu, wanaotaka picha za kuvuka Mto Mara waende kaskazini Julai hadi Septemba.

Hatua ya 2: Chagua barabara moja

Moja tu. Mtu ana siku saba anataka Lushoto, Ngorongoro na Mwanza. Huyo atajua vizuri viti vya basi kuliko mikoa. Fuata barabara moja, shuka njiani.

Ukiniuliza mimi, kwa mara ya kwanza chukua njia ya Iringa. Baada ya Morogoro barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi karibu kilomita 50, na twiga unawaona dirishani kabla hujalipa kiingilio chochote. Ukitaka kuingia ndani, lala Mikumi mjini, ukodi gari asubuhi na wenzako mchangiane. Wenye miguu imara wakate kushoto hapo Mikumi waende Mang'ula, wapande Udzungwa kwenye maporomoko ya Sanje. Ukiendelea na barabara kuu unaingia bonde la mibuyu, kisha mlima Kitonga: malori yanapanda kwa mwendo wa kobe, korongo liko ubavuni, na abiria waliokuwa wanapiga soga wananyamaza wenyewe. Ukimaliza kupanda, hewa si ya Dar tena. Ilula wanakusubiri na ndoo za nyanya na vitunguu.

Iringa yenyewe ipe siku mbili. Isimila kuna nguzo za mchanga zilizochongwa na mmomonyoko, na zana za mawe za watu wa kale zimeachwa palepale chini. Kalenga, nje kidogo ya mji, lipo fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, aliyejiua 1898 kuliko kukamatwa na Wajerumani. Fuvu lilirudishwa 1954. Tulilisoma shuleni wote, lakini kusimama mbele yake ni habari nyingine. Ukifika salimia kwa Kihehe, "kamwene", utaona nyuso zinavyofunguka.

Hatua ya 3: Usafiri

Tangu 2024 treni ya SGR inakufikisha Morogoro na Dodoma bila foleni ya Kimara, kwa hiyo unaweza kuanza na treni ukaunganisha basi mbele. Mabasi ya bara yako Stendi ya Magufuli, Mbezi. Kata tiketi mapema, na ukimkuta mpiga debe amekushika begi, angalia nauli elekezi ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kabla ya kutoa hela. Ya kusini mwa pwani ulizia Mbagala. TAZARA, reli ya kwenda Mbeya hadi Zambia, ina mandhari nzuri sana, ila kaulizie ratiba stesheni kwanza na usiipangie siku ya kurudi kazini. Na Desemba, Mtanzania mwenzangu, usijifanye unaenda Moshi bila tiketi. Wachaga wanarudi nyumbani.

Hatua ya 4: Hela na nguo

Hifadhini unalipa kwa namba ya malipo, kwa hiyo hakikisha simu ina salio kabla mtandao haujakata. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo. Kinachokula hela ni gari, ndiyo maana nasema mchangiane. Koti la baridi usinunue dukani, shuka Karume mitumbani.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, likizo yangu ni Aprili na siwezi kuibadilisha. Nikae nyumbani?

Hapana. Acha pwani na barabara za vumbi za hifadhini. Subiri mwishoni mwa mwezi uende Dodoma kwa treni, kisha Kondoa kwa lami. Michoro ya miambani ya Kolo ipo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2006, na huko katikati mvua huwa inaaga. Beba viatu vya kupandia mawe.

Swali: Nina gari dogo, Toyota IST. Itafika Kitulo?

Kaka, kiangazi ukiwa na dereva mvumilivu unaweza kujaribu. Kipindi cha maua usithubutu. Kutoka Chimala kupanda Matamba kuna kona wanaziita Hamsini na Saba, na jina hilo hawakulitoa hewani. Iache Chimala, panda gari za wenyeji.

Swali: Nina watoto wawili, wa miaka 3 na 7. Na shemeji yangu Mkenya anakuja, atalipa dola?

Dada, wa miaka 3 halipi, chini ya miaka 5 wanaingia bure. Shemeji akiwa na pasi au kitambulisho cha Kenya analipa kwa shilingi kama raia wa Afrika Mashariki. Mwambie asikisahau, getini hawaangalii lafudhi. Kwa watoto hao nisingevuka Mikumi. Safari ya basi kutwa nzima na mtoto wa miaka 3 utaijutia kabla ya Chalinze.

Swali: Kilwa je? Hujaigusa.

Kilwa inataka somo lake. Kwa kifupi: nenda Juni hadi Septemba, lala Kilwa Masoko, na kibali cha kwenda Kilwa Kisiwani kwenye magofu kata hukohuko Masoko kabla ya kupanda mashua. Vuka asubuhi, mchana upepo unachachamaa.